Bolti Iliyoondolewa Kiwandani: Regyuleta ya Petroli katika Gereji za Masasi na Newala

Gari la petroli likianza kuchoka kwenye mlima wa kwenda Newala, mkoani Mtwara, washauri hawakosekani. Badilisha plagi. Safisha nozeli. Na kama mwenye gari ana jamaa anayefuatilia mambo ya injini kwenye simu, atasikia na hili: regyuleta ya mafuta iliyokuja na gari ifunguliwe, itobolewe kichwani, itiwe bolti na nati, kisha presha ipandishwe mpaka gari "liamke". Ushauri huu si wa kipuuzi. Kazi yenyewe inafanyika kwa drili, jiriwa na mtu mwenye mkono mzuri wa kulehemu, na Masasi haikosi watu wa aina hiyo. Linalobishaniwa ni kama inatibu ugonjwa uliopo. Mimi nasema kwa magari mengi yanayopanda na kushuka kati ya miji hii miwili haitibu, na kwamba chombo kinachopaswa kutengenezwa nyumbani kabla ya bolti ni kingine kabisa.

Tuanze na kopo lenyewe. Kwenye injini za Toyota za miaka ya 1990, kama 3S-FE ya Noah za zamani au 4A-FE na 5A-FE za Corolla na Carina, regyuleta inakaa kwenye reli ya nozeli. Ni kopo dogo la chuma, linaenea kiganjani, limefinywa ukingoni ili lisifunguke. Ndani kuna vyumba viwili vinavyotenganishwa na diaframu, utando wa mpira uliotiwa kitambaa. Chumba kimoja kina petroli, kingine kina springi na mrija mwembamba unaokwenda kwenye manifodi ya hewa. Pampu iliyo ndani ya tanki husukuma petroli nyingi kuliko inayotumika. Presha ikiishinda springi, diaframu inanyanyuka, vali inafunguka, na ziada inarudi tankini kwa njia ambayo mafundi huiita ritani.

Kwa hiyo regyuleta haitengenezi presha hata chembe. Inachofanya ni kuzuia. Mkazi wa Newala hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa sababu uwanda wa Makonde hauna mito, mchanga wake humeza mvua yote, na tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka bondeni Mitema hadi juu: mashine ikichoka, kufunga koki ya kijijini hakuleti maji. Pampu ya petroli iliyochoka nayo haipewi nguvu na springi iliyokazwa. Inabebeshwa mzigo zaidi.

Ule mrija wa manifodi ndio sehemu ya kopo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo yenye akili. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila dereva kukanyaga mafuta, manifodi ina ombwe kali. Ombwe linaivuta diaframu, presha ya petroli inashuka. Dereva akikanyaga mafuta, ombwe linatoweka na presha inapanda. Kwa namna hiyo tofauti kati ya petroli iliyo nyuma ya nozeli na hewa iliyo mbele yake inabaki ileile wakati wote. Kwa injini nilizozitaja, mrija ukivuliwa na kuzibwa, geji inatakiwa isome kati ya bar 2.7 na 3.0 hivi, ukirudishwa gari likiwa sailensa, inashuka hadi kati ya 2.1 na 2.6. Maana yake ni kwamba gari linapopanda ukingo wa uwanda, dereva amekanyaga hadi chini, regyuleta nzima imeshapandisha presha kwa karibu nusu bar bila kuambiwa na mtu. Anayetaka bolti "kwa ajili ya mlima" anaomba kitu ambacho tayari anacho, mradi tu mrija huo haujapasuka au kuzibwa na fundi aliyepita.

Na tukiwa mlimani, kuna hesabu ya hewa. Kila mita 100 za kupanda, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia moja. Injini iliyoondoka Masasi chini ya vile vilima vya mawe ikafika Newala inavuta hewa nyepesi zaidi, na hewa nyepesi inahitaji petroli pungufu. Kumwaga petroli ya ziada juu ya uwanda ni kwenda kinyume na jiografia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bolti hiyo iliwahi kuwepo, na regyuleta ilitoka nayo kiwandani. Mfumo wa kwanza wa Bosch wa kupuliza petroli kwa umeme uliotengenezwa kwa wingi, D-Jetronic, ulitoka mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, na regyuleta yake ilikuwa na bolti ya kurekebishia na nati ya kuifunga. Presha yake ilikuwa karibu bar 2. Mrithi wake wa miaka ya 1970, L-Jetronic, alikuja na kopo lililofinywa, lenye mrija wa ombwe, lisilo na pa kutia spana. Sababu ya mabadiliko hayo si ubahili. Kontroli boksi ya mifumo hii haipimi presha ya petroli. Inaiamini. Inachoamua ni muda wa nozeli kukaa wazi, sehemu chache za elfu za sekunde, na hesabu yote ya muda huo imejengwa juu ya presha moja isiyobadilika. Mtu akizungusha bolti, hesabu nzima inageuka uongo na boksi haina habari.

Lakini nisingetenda haki kama ningewalaumu mafundi kwa kupenda skrubu. Wengi wao walijifunza, au walifundishwa na waliojifunza, kwenye Land Rover, Peugeot 504 na Datsun, magari ya kabureta, ambako pampu hutoa presha ndogo sana, robo bar au zaidi kidogo, na ufundi wote uko kwenye kuzungusha skrubu huku sikio likisikiliza mlio. Bodaboda za kabureta zinazojaa stendi leo zinaendeleza somo hilohilo. Fundi aliyekulia kwenye skrubu akiona kopo lisilo na skrubu, anaona upungufu. Ni mantiki kamili, ila ni ya injini nyingine.

Sasa, kazi yenyewe hufanywaje? Njia ya kikatili kuliko zote ni kulibana kopo kwenye jiriwa au kuligonga kichwani kwa nyundo mpaka bati libonyee na kuikandamiza springi. Presha inapanda, kweli. Haishuki tena. Aliyebonyeza kupita kiasi ametupa regyuleta. Njia ya pili, inayoonekana ya kistaarabu, ni kutoboa upande wa springi, kulehemu nati juu ya tundu, na kupitisha bolti inayokandamiza kikombe cha springi, na nati ya pili juu yake ili isilegee kwa mtetemo. Hapa matatizo yanaingia moja baada ya jingine. Moto wa kulehemu unaipika diaframu iliyo sentimita chache tu kutoka hapo; ikitoka imekakamaa, itapasuka baada ya wiki au miezi. Chembe za chuma za drili zikibaki ndani, zinakaa kwenye vali na presha haishiki tena gari likizimwa, ndipo asubuhi linawashwa mara nne. Nyuzi za bolti zisipozibwa vizuri, zinavuta hewa ya wizi kuingia manifodi, na mlio wa sailensa unaanza kucheza. Na mrija wa ombwe mara nyingi uko palepale katikati ambapo bolti inataka kupita, kwa hiyo lazima uhamishwe pembeni. Kuna mafundi huamua kuuacha kabisa. Hao wameua ile akili niliyoisifu hapo juu: gari sasa linakunywa sailensa kama linavyokunywa mlimani.

Njia ya tatu ni kuubana mpira wa ritani kwa koleo au kibanio. Kwa sekunde mbili, kama kipimo, ni jambo la maana na nitalirudia. Kama matengenezo ya kudumu ni hatari, kwa sababu presha sasa inategemea kasi ya pampu na kiasi kinachotumika, na hakuna tena kitu chochote kinachoidhibiti.

Diaframu iliyopasuka inastahili maneno yake. Petroli inapita upande wa springi, inafyonzwa na mrija wa ombwe, na kuingia moja kwa moja kwenye manifodi. Moshi mweusi, plagi nyeusi, gari gumu kuwaka likiwa la moto. Fundi asiyejua atalaumu nozeli. Ukivua mrija wa ombwe ukakuta una petroli au unanuka petroli, regyuleta imekufa. Ni kipimo kisichohitaji hata geji. Na kama mrija uliachwa wazi baada ya kutiwa bolti, petroli ile haiendi kwenye manifodi, inarushwa juu ya injini ya moto. Stika ya zimamoto kwenye kioo na mtungi mdogo chini ya kiti havikupangwa kwa hali hiyo.

Tuseme kila kitu kimekwenda sawa. Mwenye gari anapata nini? Petroli inayopita kwenye nozeli haiongezeki sawasawa na presha. Inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha. Ukipandisha kutoka bar 3 hadi 3.3, nyongeza ya asilimia 10, petroli inaongezeka chini ya asilimia 5. Ukifika bar 4, inaongezeka asilimia 15 na nusu. Ukitaka asilimia 20, utahitaji zaidi ya bar 4.3, na hapo pampu ya kawaida inatoa mafuta kidogo zaidi kwa dakika, inavuta umeme mwingi zaidi na kuchemka. Kisha kontroli boksi inaingia kazini. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inaona mchanganyiko umezidi petroli, boksi inapunguza muda wa nozeli, na baada ya safari chache ile asilimia 5 imefutwa. Mwenye gari amelipia bolti ambayo kompyuta imeitengua.

Hapa ndipo nadharia ya vitabuni inapokutana na magari yetu, na naomba msomaji asiruke. Magari mengi yaliyoingia nchini yameshakuwa mitumba ya mitumba. Masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi yametolewa na kuuzwa, sensa ya oksijeni imekufa au waya wake umekatwa, taa ya injini imezibwa kwa kipande cha utepe. Gari la namna hiyo halijirekebishi tena. Linaendeshwa kwa hesabu za akiba. Kwa gari hilo bolti inafanya kazi kweli, na ndiyo sababu utamkuta fundi akiapa kwamba ameona kwa macho yake gari likibadilika. Hasemi uongo. Ila alichofanya ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza mpaka yakakaribiana kufutana, na sensa mpya au waya uliounganishwa upya ungefanya kazi hiyo kila sekunde, milimani na tambarare.

Kwa nini basi gari linachoka? Barabara ya Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, na kwa miaka mingi magari ya huku yameishi kwenye vumbi jekundu na mchanga. Mchanga huo unafika tankini, hasa pale petroli inaponunuliwa kwenye madumu vijijini, na unakaa kwenye chujio dogo la pampu. Pampu inanyonya kwa shida, inachoka kabla ya wakati. Filta ya petroli nayo watu huisahau kwa sababu haionekani. Halafu kuna kalenda ya korosho. Pesa kubwa huingia minada inapoanza, kuanzia Oktoba, kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vilivyo chini ya vyama vikuu vya TANECU na MAMCU. Magari yaliyolazwa miezi kadhaa hutolewa wakati huo, na petroli iliyolala tankini imeshaanza kuacha gundi kwenye nozeli na chujio. Mvua nazo zikianza, maji huingia kwenye madumu. Wiki hizo ndizo za malalamiko ya "gari halina nguvu".

Ongeza na petroli yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei isiwavutie wachakachuaji. Hatua hizo zilisaidia sana vituoni, lakini dumu la kando ya njia halijali kinasaba. Petroli yenye mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda injini inapobeba mzigo, na dereva husikia udhaifu uleule ambao mtu mwingine atauita presha ndogo. Hakuna bolti inayopandisha okteni.

Umeme pia. Waya wa ardhi wa pampu uliooza, au rilei iliyoungua midomo, unaweza kuifikishia pampu volti 9 badala ya 12 na zaidi. Pampu nzima inazunguka kama mgonjwa. Mita ya volti iliyo kwenye kila duka la fundi redio inaligundua tatizo hilo kwa dakika tano.

Nimesema kuna chombo cha kutengenezwa kabla ya bolti. Ni geji. Kiungo cha T cha shaba, kipande cha mpira wa presha unaofaa kwa petroli ya kupulizwa, vibanio vizuri viwili au vitatu, na geji inayosoma hadi bar 7. Geji ya upepo ya fundi matairi husoma vizuri tu, ila mipira iliyo ndani yake haikutengenezwa kwa petroli na itavimba. Unapunguza kwanza presha iliyobaki kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuacha injini izime yenyewe, unaunganisha geji kabla ya reli, unarudisha fyuzi, unawasha. Usomaji wa sailensa ukiwa na mrija, usomaji ukiwa mrija umevuliwa, na ule mbano mfupi wa ritani: pampu nzima ikibanwa hupanda haraka kupita kiwango cha regyuleta, bar 5 na kuendelea. Ikiganda kwenye 3, pampu au chujio lake ndilo lenye kesi. Kisha unazima na kutazama geji: ikidondoka papo hapo, kuna kinachovuja, ama vali ya pampu, ama nozeli, ama regyuleta. Dakika kumi. Fundi mwenye geji hii anaacha kubahatisha, na nadhani hilo ndilo linalowatofautisha mafundi wa mji mdogo kuliko vyeti vya ufundi vya VETA au miaka ya kazi.

Yapo mazingira ambamo regyuleta ya kurekebishwa ni halali. Injini iliyowekewa nozeli kubwa au turbo, kwa mfano, au gari la rali linalotyuniwa upya kwa kompyuta. Au kopo la zamani ambalo springi yake imelegea, geji inasoma 2.3 mrija ukiwa umevuliwa, pampu imepimwa na ni nzima, na spea ya Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, haijafika. Hapo hata mimi ningeikandamiza springi kidogo kidogo hadi 2.8, geji ikiwa imeunganishwa, nikijua ni kiraka cha kusubiria spea. Kwa haja ya kudumu, zipo regyuleta za kurekebishwa zinazouzwa zikiwa kamili, zenye bolti, mrija na tundu la geji, na ni salama kuliko kopo lililolehemiwa, mradi mipira iwe ya presha. Mpira wa bodaboda kwenye bar 3 haumalizi msimu.

Magari ya petroli yanayobadilishwa kuwa ya gesi nchini nayo yana regyuleta zenye skrubu ya kurekebishia, na fundi huzipanga huku laptopu ikimwonyesha presha na mchanganyiko.  

Kwa upande mwingine, mada hii inazeeka haraka. Hiace za dizeli zenye injini za 3L na 5L hazijawahi kuwa na kopo hili. Pampu yao ya nozeli ni dunia nyingine. IST, gari lililojaa kila mji, haina ritani kwenye injini. Regyuleta ya 1NZ-FE na 2NZ-FE imo ndani ya tanki, pamoja na pampu na filta, presha yake ni kati ya bar 3.0 na 3.4, na haina mrija wa ombwe. Kontroli boksi inafanya hesabu ya manifodi yenyewe. Anayeitafuta kwenye reli ataikosa, na akikuta kopo dogo pale ajue kazi yake ni kutuliza mitetemo ya petroli. Kilichobaki kwa gari hilo ni kuunganisha geji kwenye mpira unaoingia kwenye reli, na kama presha haitoshi, kuifungua pampu na kusafisha chujio.

Noah na Voxy zilizoanza kutoka mwaka 2001 ni jambo zito zaidi. Nyingi zina 1AZ-FSE, injini ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ina pampu ya pili inayoendeshwa na kamshafti, na presha ya reli yake hupita bar 80. Sensa inaipima, boksi inaiamuru. Nati ya reli hiyo ikilegezwa injini ikiwa imetoka kuzimwa, petroli inatoka kwa nguvu ya kuchana ngozi, na geji ya T niliyoieleza haina nafasi upande huo wa pampu. Inapimwa upande wa tanki tu, presha ndogo, na kinachofuata kinasomwa kwa mashine.